Finland Si Nchi ya Julai

Ukitaja Finland mbele ya wakala wa safari wa Nairobi au Dar es Salaam, ushauri hutoka kabla hujauliza: nenda kati ya Juni na Agosti. Ndugu aliyeko Helsinki atasema hivyohivyo, na vitabu vya mwongozo vitakazia. Sababu inayotolewa ni moja, na huonekana haihitaji kutetewa: ile ni nchi ya baridi, sisi ni watu wa joto, basi busara ni kuivizia baridi ikiwa imekwenda likizo. Wapo wachache wanaopinga, nao husema Desemba, kwa ajili ya Krismasi na theluji. Makala hii inapingana na kambi zote mbili, hasa ile ya kwanza iliyo kubwa. Mtu anayetoka karibu na ikweta, mwenye wiki moja au mbili na fedha za safari moja, hana wakati bora wa kuiona Finland kuliko kati ya wiki ya pili ya Machi na katikati ya Aprili, na mahali pa kuionea ni kaskazini, Lapland. Wanaosema Julai wameshika kipimo kisichofaa. Wanaupima msimu kwa kipimajoto, wakati kinachoitawala nchi ile ni mwanga.

Huku kwetu mchana na usiku hugawana siku karibu nusu kwa nusu mwaka mzima; hata saa zetu tunazihesabu kwa kuchomoza na kutua kwa jua. Ni rahisi kusahau kwamba kwingineko mgawanyo huo haupo. Helsinki iko kwenye latitudo ya 60 kaskazini. Ifikapo tarehe 21 Desemba jua huchomoza pale saa tatu na dakika ishirini na kitu asubuhi na kutua saa tisa na robo alasiri, yaani mchana hautimizi hata saa sita. Mwishoni mwa Juni mchana wa mji huohuo hukaribia saa kumi na tisa. Zaidi ya kilomita elfu moja kaskazini yake, Utsjoki, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, wala halitui kabisa tangu katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai. Sasa tazama Machi. Tarehe 20 hivi ya mwezi huo jua huwa juu ya ikweta, na mchana wa Utsjoki hulingana na wa Mombasa: saa kumi na mbili na dakika chache. Tangu hapo mchana hurefuka kwa takriban dakika sita kila siku Helsinki, na karibu dakika tisa Utsjoki. Mgeni wa Machi hupewa mchana kamili na usiku kamili. Desemba humnyima cha kwanza, Julai humnyima cha pili, na anayedhani kunyimwa usiku ni hasara ndogo hajafikiria nini kinachoonekana usiku tu.

Kinachoonekana usiku tu ni ile mianga ya kijani, na mara nyingine ya zambarau, inayotembea angani kaskazini mwa dunia, ambayo picha zake ndizo zinazowafanya watu wengi waitamani Lapland. Hutokea pale chembechembe zenye umeme zitokazo kwenye jua zinapoelekezwa na usumaku wa dunia hadi zikagongana na hewa ya juu. Kilpisjärvi, kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya Finland, mianga hiyo hutokea karibu usiku tatu kati ya kila nne. Masharti ni mawili: giza, na anga lisilo na mawingu. Sharti la kwanza linaiondoa Julai mashindanoni moja kwa moja, kwani tangu katikati au mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Agosti mbingu za Lapland hazipati weusi wa kutosha. Sharti la pili linaitia Desemba mashakani, kwa sababu Novemba na Desemba ni miongoni mwa miezi yenye mawingu mazito zaidi nchini humo, wakati mwisho wa majira ya baridi huwa na anga jeupe mara nyingi zaidi. Kuna na jambo la tatu ambalo mawakala hawalitaji. Wanasayansi wamejua kwa muda mrefu kwamba dhoruba za usumaku zinazowasha mianga hiyo huzidi karibu na Machi na Septemba, kwa sababu ya namna usumaku wa dunia unavyokutana na ule unaobebwa na upepo wa jua nyakati hizo. Maelezo ya Russell na McPherron ya mwaka 1973 ndiyo yanayotajwa zaidi. Kwa mianga peke yake, basi, Machi ingetosha kushinda.

Ila hoja ya Machi haisimami kwa mguu mmoja. Fikiria theluji yenyewe. Watu hudhani theluji nyingi ni ya Krismasi, kwa sababu kadi za Krismasi zimechorwa hivyo. Theluji hujilimbikiza. Ya Desemba ni ya kwanza na nyembamba. Ya mwisho wa Machi ni akiba ya miezi mitano, na ndipo kina chake Lapland hufikia kilele. Rekodi ya nchi nzima, sentimita 190, ilipimwa Kilpisjärvi tarehe 19 Aprili 1997. Juu ya akiba hiyo jua la Machi hupiga siku nzima, na theluji safi huurudisha juu zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia, hata mtu asiyevaa miwani ya jua huweza kuumia macho. Mchana sehemu ya juu huyeyuka kidogo, usiku huganda tena, na baada ya siku kadhaa hutokea gamba gumu linalombeba mtu mzima. Asubuhi unaweza kutembea juu ya kinamasi, juu ya vichaka, juu ya mto, popote unapotaka, mahali ambapo Julai ungezama hadi magotini. Ikifika saa sita mchana gamba hulegea na mguu hutumbukia hadi kwenye paja, kwa hiyo wenyeji hutoka mapema. Hakuna msimu mwingine unaoifungua nchi ile kwa miguu namna hiyo.

Maziwa nayo hufunguka kwa kufungwa. Finland ina maziwa yapatayo 188,000, na mgeni wa Julai huyatazama kutoka ufukweni kama anavyotazama maziwa mengine yoyote. Machi yanageuka uwanja. Barafu ya Lapland wakati huo huwa na unene wa nusu mita au zaidi, na juu yake watu hupita kwa skii, kwa pikipiki za theluji, kwa miguu. Mtazame mzee anayevua hapo. Anashika keekee kubwa ya mkono, anazungusha hadi maji yapande kwenye tundu lisilozidi upana wa sahani, anachota vipande vya barafu kwa upawa wenye matundu, anakaa juu ya ngozi ya kulungu, kisha anashusha kamba kutoka kwenye kijiti kifupi kuliko rula ya shule, akikitikisatikisa kwa kifundo cha mkono. Huvua hivyo kutwa nzima, uso ameuelekeza kwenye jua. Sheria ya Finland inamruhusu kila mtu kuvua namna hiyo bila leseni wala ada karibu popote, na mgeni kutoka Kisumu ana haki sawa na aliyezaliwa pale. Barafu hiyo si ya siku mbili tatu: ziwa Inari, kubwa kuliko yote Lapland, kwa kawaida halimaliziki kuyeyuka hadi mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni.

Wanaotetea Julai hujibu kwamba wakati huo ndipo nchi huwa hai. Swali ni hai kwa nani. Julai ni mwezi wa likizo wa Wafini. Nchi ya watu milioni 5.6 ina nyumba za mapumziko zaidi ya laki tano, nyingi zikiwa pembezoni mwa maziwa, na familia huhamia huko na sauna yao, mtumbwi wao na ukimya wao. Sikukuu ya katikati ya kiangazi, kuelekea mwisho wa Juni, huondoa watu Helsinki hata barabara zikabaki tupu. Raha hiyo ni ya kweli, lakini ni ya faragha. Mgeni asiye na rafiki mwenye nyumba ziwani huizunguka kwa nje. Machi ni kinyume chake. Shule hufunga kwa zamu ya mikoa mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi ili familia ziende kuteleza kwenye theluji, na maisha ya nje huwa ya hadhara: njia za skii zinazotunzwa na halmashauri, vibanda vya wazi msituni vyenye meko, ambapo wageni na wenyeji huchoma soseji kwenye moto mmoja. Wafini wana sifa ya kutozungumza na wasiowajua, lakini sifa hiyo hulegea sana mbele ya moto na jua la Machi.

Tena wenye nchi ile ya kaskazini kwa asili, Wasami, hawaugawi mwaka katika majira manne yaliyomo kwenye vitabu vyetu. Wao huhesabu manane, kwa kufuata maisha ya kulungu wanaowafuga, na kipindi kilicho kati ya baridi na machipuko, chenye theluji na jua kwa pamoja, kina nafasi yake kamili. Sherehe zao zinakubaliana na hesabu hiyo. Hetta, katika Enontekiö, sikukuu ya Maria mwezi wa Machi imekuwa kwa vizazi siku ya kukutana, kuoana, kurusha kamba ya kunasia kulungu na kushindana mbio. Fainali za mbio za kulungu hufanyika Inari juu ya barafu ya ziwa, mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili: mnyama hukimbia, na mwendeshaji huvutwa nyuma yake akiwa juu ya skii, ameinama kama anayekwepa tawi. Mgeni wa Julai huwakuta kulungu hao wametawanyika porini au wamesimama barabarani wakikimbia wadudu. Na wadudu wenyewe wasamehewe vipi? Tangu karibu na mwisho wa Juni hadi Agosti mbu na visubi wa Lapland hutoka vinamasini kwa mawingu, na watu huvaa vyandarua vya kichwa. Kutoka Kilosa kwenda kulipia mbu ni ukarimu uliopitiliza.

Pingamizi zito ni baridi yenyewe, na halifai kupuuzwa. Pokka, katika Kittilä, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51.5 chini ya sifuri tarehe 28 Januari 1999, na takwimu kama hiyo humtisha mtu wa Tanga kwa haki. Lakini ilikuwa Januari. Wastani wa mji wa Rovaniemi, hukohuko Lapland, mwezi huo ni karibu nyuzi 11 chini ya sifuri. Wa Machi ni kama tano au sita, na mchana wenye jua mara nyingi hukaribia sifuri. Usiku bado unaweza kushuka hadi 20 chini ya sifuri, ila usiku huo mtu huwa ndani ya nyumba yenye vioo vya tabaka tatu na joto la nyuzi 20 au zaidi. Nje, tatizo ni mavazi, na mavazi yana kanuni inayofundishika kwa dakika tano: sufu au kitambaa maalumu kwenye ngozi, kamwe si pamba, kwa kuwa pamba hushika jasho na jasho likipoa ndilo linalotetemesha; tabaka la pili la kuhifadhi joto; la nje la kuzuia upepo; na buti kubwa kiasi cha kuchezesha vidole, maana buti linalobana huzuia damu. Kampuni za matembezi Lapland huazimisha ovaroli na buti, kwa hiyo hakuna haja ya kununua kabati zima. Hatari inayowapata wageni mara nyingi ni utelezi, na dawa yake ni vipande vya raba vyenye meno ya chuma vinavyovalishwa juu ya kiatu. Anayeikwepa nchi ya baridi wakati ina baridi ni sawa na anayekwenda Zanzibar kujifungia kwenye chumba chenye kiyoyozi: amefika, lakini hakwenda.

Pingamizi la pili lina uzito wa upendo: ndugu zetu walioko huko, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopokewa na Finland kama wakimbizi wa mgawo, ndio wanaotuambia njooni Julai, na wao ndio wanaoijua. Wanaijua kweli, lakini wanaijua kama wakaazi. Waswahili wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao wameshapewa jembe siku nyingi. Kwao majira ya baridi ni kukwangua barafu kwenye kioo cha gari alfajiri, ni kwenda kazini gizani na kurudi gizani, ni Novemba yenye mvua na tope la theluji, miezi mitatu mfululizo kabla ya mwanga kurudi. Ifikapo Juni wamechoka, na Julai ni malipo yao. Ushauri wao unaeleza uchovu huo kwa uaminifu, ila hauwezi kuwa kipimo cha mtu anayekaa siku kumi. Mkaazi huuhesabu msimu kwa jumla ya miezi. Mgeni huuonja kwa sehemu. Na sehemu iliyo bora ni ileile ambayo hata wakaazi hao, ukiwauliza kwa undani, huisubiri kwa hamu: siku zinaporefuka na theluji ingalipo.

Kambi ya Desemba nayo ijibiwe. Inachouza Rovaniemi ni Baba Krismasi na theluji, kwa bei iliyo juu kuliko mwaka mzima na kwa foleni ndefu. Baba Krismasi yuko kijijini pake kila siku ya mwaka, Machi ikiwemo. Theluji ya Desemba haina tena uhakika iliokuwa nao. Utafiti wa wanasayansi wa Taasisi ya Hali ya Hewa ya Finland uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba tangu 1979 eneo la Aktiki limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia, na athari mojawapo ni theluji kuchelewa. Mwaka 2018 Lapland ilifika mwishoni mwa Novemba na ardhi ikiwa karibu tupu, na wenye biashara za utalii walihaha. Machi haitegemei bahati ya wiki moja, kwa kuwa imekwisha kukusanya. Zaidi ya hayo, Rovaniemi karibu na Krismasi jua huwa juu ya upeo kwa saa mbili na kitu tu. Matembezi yote hufanyika kwenye utusitusi wa buluu, mzuri kwa picha na mfupi kwa miguu.

Mpinzani mkali zaidi wa Machi ni Septemba, ingawa wachache humtaja. Naye ana mchana na usiku vilivyolingana, ana mianga angani, ana misitu iliyogeuka myekundu na ya manjano, ana matunda pori na uyoga, na mbu wamekwisha. Kwa mtu asiyeweza kabisa kuvumilia baridi kwa sababu ya afya, ningemshauri Septemba bila kusita, na kamwe si Julai. Kinachokosekana ni theluji na barafu, na hivyo ndivyo vitu ambavyo nchi zetu, ukiacha vilele vichache kama Kilimanjaro na Mlima Kenya, hazina namna ya kutuonyesha. Misitu ya rangi inapendeza. Kutembea juu ya ziwa ni jambo jingine kabisa. Vivyo hivyo, mpenzi wa opera aende Savonlinna Julai, kwani tamasha lake katika ngome ya Olavinlinna, iliyoanza kujengwa mwaka 1475, hufanyika wakati huo tu. Na jua la usiku wa manane lina mashabiki wake. Lakini jua hilo ni la kulishangaa usiku wa kwanza; usiku wa nne mgeni huanza kutafuta mapazia mazito.

Anayefuata ushauri huu na kuishia Helsinki, hata hivyo, atanilaumu kwa haki. Machi ya kusini si Machi ya kaskazini. Wastani wa joto la mji ule mwezi huo hukaribia sifuri, theluji huyeyuka mchana na kuganda usiku, na kokoto zilizomwagwa kwenye njia za miguu majira yote ya baridi ili watu wasiteleze huanza kufichuka, zikazalisha vumbi linalowasha macho hadi zitakapofagiliwa. Ndiyo maana sharti la kaskazini haliachiki. Treni ya usiku huondoka Helsinki jioni na kufika Rovaniemi asubuhi, kwa mwendo wa saa kumi na mbili hivi, na baadhi ya treni za usiku hufika Kemijärvi au Kolari. Gharama nazo si kizuizi kama inavyodhaniwa, mradi mtu aepuke wiki za likizo za shule na Pasaka. Siku zilizo katikati yake, Pasaka ikichelewa, ndizo zenye nafuu.

Kwa hiyo anayepanga safari asianze kwa kuuliza kuna nyuzijoto ngapi. Aulize maswali manne: nitapata saa ngapi za jua, nitapata giza la kutosha, ardhi itapitika, na wenyeji watakuwa nje au wamejificha? Julai inafaulu la kwanza, inafeli la pili, inayumba kwenye la tatu na la nne. Desemba inafaulu la pili tu. Machi ya Lapland inafaulu yote, na bei yake ni suti ya sufu na buti la kuazima. Mawakala wataendelea kuuza Julai kwa sababu Julai hujiuza yenyewe. Mnunuzi ndiye wa kukataa.